Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji: naomba tarehe ya uzinduzi iisubiri mota

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Wizara ya Maji,
Dodoma.

YAH: OMBI LA MOTA ZA PAMPU KUPIMWA ZIKIWA NA MZIGO NA JOTO KABLA YA MIRADI KUZINDULIWA



Kwa heshima na taadhima, naomba uniruhusu nikuandikie barua hii hadharani. Najua muda wako ni wa taifa zima. Najua pia kwamba barua ya fundi inatakiwa ipande ngazi kwa ngazi: kwa mhandisi wa wilaya, kwa meneja wa mkoa, na kuendelea. Sijaziruka ngazi hizo kwa dharau. Viongozi hao nawaheshimu, na wengi wao wameyasikia haya kwangu tukiwa tumesimama kando ya pampu. Hawakunibishia. Waliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba tarehe imeshapangwa. Nimeona basi niombe kwako, wewe mwenye uwezo wa kuisogeza tarehe.

Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kufunga mota na pampu za juu ya ardhi, zile zinazokaa kwenye nyumba ya pampu na kusukuma maji kutoka mtoni, ziwani au kwenye tangi la chini kwenda tangi la mlimani. Pampu za kuzamishwa kisimani sizisemei leo. Hizo zinashuka shimoni zikiwa zimeshaunganishwa na mota zake, zinapozwa na maji yenyewe, na zina shida za aina yake.

Huna haja ya kuelezwa na mtu kama mimi uzito wa mota hizi. Maji ya Ziwa Victoria yanayochukuliwa Ihelele, Misungwi, hayafiki Shinyanga na Kahama bila kusukumwa, na sasa yanakwenda mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu kwa sababu kuna mota zinazozunguka usiku na mchana. Nimetaja sehemu hizo ili kuonyesha ukubwa wa jambo tu. Ninayoyalalamikia sikuyaona huko, na pale nilipoyaona, kwa radhi yako, sitapataja. Nia yangu si kumvunjia mtu heshima. Nia yangu ni kwamba azma ya kumtua mama ndoo kichwani, ambayo wizara yako imeibeba kwa miaka mingi, isikwamie kwenye bolti nne za miguu ya mota.

Mheshimiwa, mradi wa maji unachelewa kwa sababu nyingi za haki. Mvua imejaa mitaroni, mzigo umekwama bandarini, fidia ya shamba la mtu haijalipwa, nguzo za umeme hazijafika. Kila anayechelewa hukopa siku kwa anayemfuata, na wa mwisho katika foleni hiyo ni fundi wa mota. Yeye hana wa kumkopa. Anapokabidhiwa ufunguo wa nyumba ya pampu, mara nyingi rangi imeshapakwa, jiwe la uzinduzi limeshachongwa maandishi, na zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Naomba nieleze kinachotakiwa kufanyika katika siku hizo, maana hakionekani kwa macho na ndiyo sababu ni rahisi kukiruka. Tuchukue mota ya kilowati 110, ambayo utaikuta katika miradi mingi ya miji ya wilaya. Inazunguka karibu mara 1,480 kwa dakika. Shafti yake inakutana na shafti ya pampu kwenye kaplingi, na shafti hizo mbili zinatakiwa zikae katika mstari mmoja. Kwa mwendo huo, tofauti inayokubalika kati ya kitovu cha shafti moja na kitovu cha nyingine haifiki milimita 0.1, ambao ndio unene wa karatasi moja ya kuandikia. Fundi mwangalifu hulenga nusu ya hapo.

Kaplingi yenye raba katikati huwapa watu matumaini wasiyostahili kuwa nayo. Itakubali kuzunguka hata tofauti ikifika milimita nzima, na anayepita nje atasikia pampu inanguruma kama kawaida. Raba inavumilia, beringi ndizo zinazolipa. Hesabu ya umri wa beringi za gololi inajulikana tangu kazi ya Lundberg na Palmgren ya mwaka 1947: mzigo ukiongezeka kwa robo tu, umri unashuka karibu nusu, na mzigo ukiwa mara mbili, umri unabaki moja ya nane. Beringi iliyotarajiwa kukaa miaka 8 inakwisha kwa mwaka 1. Kisha sili inavuja, maji yanaingia kwenye grisi, na kijiji kinaambiwa kwamba mota iliyonunuliwa ilikuwa feki.

Kulinganisha huanzia chini, miguuni. Mota ina miguu minne, na mara nyingi mmoja haukai vizuri juu ya kitako. Ukikaza bolti yake kwa nguvu utauona umekaa, lakini umeipinda fremu yote. Njia ya kuujua ni kuweka geji ya mshale juu ya mguu huo, kisha kulegeza bolti. Mshale ukisogea zaidi ya milimita 0.05, mguu haukuwa umekaa, ulikuwa umelazimishwa. Hapo panatakiwa shimu ya chuma kisichoshika kutu, ya unene uliopimwa, moja au mbili au tatu basi. Nimekuta pamewekwa vipande vya debe vilivyokatwa kwa mkasi. Nimekuta pia pamewekwa gasketi za karatasi, ambazo hubonyea kidogo kidogo kila siku mota inapotetema, mpaka kipimo cha mwanzo kinakuwa hakina maana tena.

Halafu kuna mabomba, na hapa, Mheshimiwa, naomba uvumilivu wako zaidi, kwa sababu ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibikia. Katika mradi mmoja tulikuwa tumemaliza kulinganisha na geji ilikuwa inasoma 0.04. Wakaja wenzetu wa mabomba kuunga bomba la kutolea maji. Flenji ya bomba na flenji ya pampu zilikuwa zimepishana, mashimo ya bolti hayaonani. Dawa yake inajulikana: bomba linakatwa na kuchomelewa upya mpaka likae mahali pake lenyewe, bila kushikwa na mtu wala kitu. Lakini kukata na kuchomelea bomba la inchi 10 ni kazi ya siku nzima, na siku hiyo haikuwepo. Wakafunga chenibloki kwenye boriti, wakalivuta bomba mpaka mashimo yakaonana, wakapitisha bolti, wakakaza kwa spana iliyorefushwa na kipande cha bomba, wakafungua chenibloki. Kwa macho palipendeza. Hapakuwa na tone lililovuja. Nilirudisha geji kwenye kaplingi na kuzungusha shafti kwa mkono taratibu, robo kwa robo, na mshale ukapita 0.6. Pampu nzima ilikuwa imevutwa juu ya kitako chake, na bomba lile lingeendelea kuivuta hivyo, iwe inafanya kazi au imezimwa, maisha yake yote.

Nilimwita msimamizi. Aliinama, akatazama geji kwa muda mrefu, akanyamaza, kisha akasema wageni wanakuja Jumamosi. Sina kinyongo naye. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, na mimi katika nafasi yake sijui ningejibu nini tofauti. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi iliyompa haki ya kusema Jumamosi haiwezekani. Karatasi hiyo, Mheshimiwa, ndiyo ninayokuja kuiomba hapo mbele.

Liko pia jambo la kukua kwa chuma. Namba 315 inayoonekana kwenye kibati cha mota ya ukubwa huu ni kimo chake kwa milimita, kutoka chini ya mguu hadi kitovu cha shafti. Mota ikifanya kazi, fremu inapata moto. Ikipanda nyuzi 40, kimo hicho kinaongezeka kwa karibu milimita 0.14, wakati pampu iliyojaa maji ya baridi inabaki ilivyokuwa. Kwa hiyo mota iliyolinganishwa barabara asubuhi, saa kumi jioni haiko tena kwenye mstari. Fundi anayelijua hili huiweka mota chini kidogo kwa makusudi, huiendesha na mzigo wake mpaka ipate moto kamili, huizima, na kupima tena upesi kabla haijapoa. Kipimo hicho cha pili ndicho cha kweli. Ndicho pia kinachokatwa kwanza muda ukibana, kwa kuwa kinahitaji umeme usiokatika, maji ya kutosha na tangi la kuyapokea, vitu vitatu ambavyo ni nadra kuvikuta pamoja kabla ya siku ya uzinduzi.

Kuhusu kuwasha kwa mara ya kwanza nitakwenda haraka. Mota iliyolala stoo msimu wa mvua hupimwa insulesheni yake kwa mega kabla ya chochote, na kwa mota hizi za volti 400, ikisoma chini ya megaomu 5 haiwashwi, inakaushwa. Kisha inawashwa peke yake, kaplingi ikiwa haijafungwa, ili ijulikane inazunguka upande gani na kama beringi zake zina sauti. Haya mafundi wengi wanayafanya, namshukuru Mungu.

Tatizo linakuja kwenye mzigo. Bomba kuu likiwa tupu, hakuna kinachoizuia pampu. Inapitisha maji mengi kuliko ilivyopangiwa, na pampu zetu hizi, kadiri zinavyopitisha maji mengi, ndivyo zinavyoidai mota nguvu zaidi. Ndiyo maana valvu ya kutolea hufunguliwa kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye ampia. Mota yetu ya kilowati 110 inavuta karibu ampia 190 ikiwa na mzigo kamili. Nimewahi kukuta ovalodi ya mota ya ukubwa huo imewekwa 190, na aliyeiweka aliamini amefanya sawa, kwa kuwa ndiyo namba ya kwenye kibati. Lakini starta ilikuwa ya sta-delta na ovalodi imekaa ndani ya delta, ambako hupita mara 0.58 tu ya umeme wa laini. Ilitakiwa iwekwe 110. Pale ilipokuwa, mota ingevuta karibu ampia 328 kwenye laini kabla ulinzi haujaona kosa lolote. Kosa la namna hiyo haligunduliki kwa kuwasha mota dakika tano mbele ya wageni. Linagundulika kwa mtu kukaa na jedwali, mita ya ampia na kitabu cha starta, akilinganisha namba moja baada ya nyingine pasipo mtu kumharakisha.

Naomba niliseme na hili, na nalisema kwa adabu zote. Siku moja kabla ya sherehe hufanyika mazoezi. Mota inawashwa, maji yanatoka kwenye bomba la mfano, watu wanapiga makofi, inazimwa. Anafika kiongozi mwingine kukagua, inawashwa tena. Mpiga picha hakupata vizuri, inawashwa tena. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta umeme mara 6 hadi 7 ya kawaida yake mpaka ifikie mwendo wake, na joto la sekunde hizo linabaki ndani ya koili, halipotei kwa kubonyeza swichi ya kuzimia. Kanuni ya kawaida viwandani ni kuwasha mara 2 mfululizo ikiwa baridi, au mara 1 tu ikiwa tayari ina moto, kisha iachwe ipoe. Wanaokuja kwenye mazoezi hawajui hayo, na si kazi yao kujua. Ningefurahi sana kama mwendesha pampu angekuwa na amri yenye sahihi ya wizara ya kumwezesha kumwambia mkubwa yeyote, kwa heshima, kwamba tungojee.

Sasa upoaji, Mheshimiwa, ambao naamini unaigusa nchi yetu kwa namna ya pekee. Mota nzuri ya kilowati 110 inageuza kilowati 5 hivi kuwa joto tupu. Mota tatu kwenye chumba kimoja ni kilowati 15 za joto, saa zote zinapofanya kazi. Joto hilo linatolewa na feni iliyo nyuma ya mota, inayovuta hewa kupitia kava yenye matundu na kuipuliza juu ya mapezi ya fremu. Hakuna njia nyingine. Hewa ya chumba ikiwa imeshapata moto, feni inapuliza moto juu ya moto.

Ramani za nyumba za pampu nilizozifanyia kazi zilikuwa na madirisha ya matofali yenye matundu, pande zote mbili. Lakini waya za shaba zinaibiwa, na kamati za maji zinaogopa, kwa haki kabisa. Kwa hiyo nimekuta matundu yamezibwa kwa zege, dirisha moja limewekewa bati, na mlango wa chuma umefungwa kwa kufuli mbili. Nimekuta mota imesogezwa ukutani ili kubana nafasi, kava ya feni ikiwa karibu kugusa plasta, hewa haina pa kuingilia. Nimekuta mapezi yamejaa vumbi la ujenzi lililoganda na rangi, kwa sababu chumba kilipakwa rangi baada ya mota kufungwa bila kufunikwa. Na nimemkuta mwendesha pampu, mtu anayeipenda mashine yake kuliko wengi tunaoifunga, ameifunika gunia lenye maji ili ipoe. Gunia lile lilikuwa linaziba njia ile ile ya hewa aliyokuwa anaihangaikia. Hakuna aliyewahi kumweleza. Aliachiwa kitabu cha lugha asiyoisoma, kikiwa bado ndani ya mfuko wa nailoni.

Uwezo unaoandikwa kwenye kibati cha mota, kwa viwango vya kimataifa, ni wa mahali ambapo hewa haizidi nyuzi 40 na kimo hakizidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi na inabeba joto kidogo. Ukitoka pwani na mabonde, sehemu kubwa ya nchi yetu iko juu ya kimo hicho. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko kwenye mita 1,134. Dodoma, makao ya wizara yako, imepita 1,100, Arusha inakaribia 1,400, Mbeya iko karibu 1,700. Wenzangu wengine hunijibu kwamba Mbeya kuna baridi, na baridi inalipia wepesi wa hewa. Wanasema kweli, na viwango vyenyewe vinalitambua hilo. Lakini baridi ya Mbeya iko nje. Ndani ya chumba kilichozibwa matundu, chenye kilowati 15 za joto, hakuna baridi ya Mbeya. Kuna wepesi wa hewa peke yake.

Kanuni ambayo wasuka mota wote wanaijua ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kwenye koili hukata umri wa insulesheni yake nusu. Nyuzi 20, robo. Umeme wetu wa vijijini nao unaongeza lake, hasa mwisho wa laini ambako fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi kuliko nyingine. Ukipima ukapata volti 405, 398 na 382, tofauti hiyo inaonekana ndogo. Wastani wake ni 395, na fezi iliyo mbali zaidi na wastani imepungua kwa asilimia 3.3. Kupanda kwa joto la koili huongezeka kwa takribani mara mbili ya asilimia hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, yaani karibu asilimia 22. Fundi anayepima volti za fezi tatu na kuziandika anaweza kuwaomba watu wa umeme wagawe nyumba upya kabla mota haijaungua. Asiyeandika anaitwa baada ya harufu.

Mheshimiwa Waziri, nimekuchosha, naomba unisamehe. Ombi langu lenyewe si refu.

Naomba, ikikupendeza, uelekeze kwamba mradi wowote wenye mota za juu ya ardhi usipangiwe tarehe ya uzinduzi mpaka kuwe na cheti cha vipimo kilichosainiwa na fundi aliyefunga, mhandisi wa mkandarasi na mwakilishi wa mwenye mradi, wote wakiwa wamesimama hapo hapo vipimo vikichukuliwa. Cheti kiseme mstari wa shafti ulisoma nini mabomba yakiwa yameshafungwa, si kabla. Bolti za flenji zilegezwe geji ikiwa imewekwa, na mshale ukisogea kupita milimita 0.05, bomba likatwe, hata kama ni Ijumaa. Kisha mota iendeshwe na mzigo wake halisi, maji yakienda kwenye tangi lake halisi la mlimani, mpaka joto litulie, yaani lisipande zaidi ya nyuzi 1 kwa nusu saa. Kwa mota za ukubwa huu hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Hapo ndipo ziandikwe ampia na volti za kila fezi, joto la beringi, joto la hewa ya chumba milango ikiwa imefungwa kama itakavyokuwa siku zote, na mstari wa shafti kwa mara ya pili, chuma kikiwa moto.

Nakala ya cheti hicho ibandikwe ukutani, karibu na paneli, kwa Kiswahili. Mwendesha pampu atakayekuja miaka mitano baadaye ajue kwamba beringi hii siku ya kwanza ilikuwa na nyuzi 58, ili siku atakapopima 75 asiambiwe kwamba mota zote huwa hivyo. Nakala nyingine ikae RUWASA, wakala wa maji vijijini, au kwenye mamlaka ya maji ya mji husika.

Naomba pia, kwa unyenyekevu, kazi hii ipewe mstari wake na bei yake katika jedwali la gharama za mkataba. Mara nyingi nimeona imemezwa ndani ya maneno kununua na kufunga. Kazi isiyo na bei ndiyo mkandarasi anayobana, na simlaumu, kwa kuwa anatafuta riziki kama sisi sote. Ikiwa na bei yake, atakuwa na sababu ya kuifanya na mkaguzi atakuwa na kitu cha kukidai. Na kila mkoa ukiwa na seti moja ya geji nzuri, au mashine ya leza pale fedha inaporuhusu, mafundi wa vituo vidogo wataweza kuazima. Seti ya geji za mshale na kishikio chake haina gharama ya kutisha ukiiweka kando ya bei ya mota moja.

Najua itasemwa kwamba ninaomba miradi ichelewe, na wananchi wamesubiri vya kutosha. Nalipokea swali hilo kwa heshima kubwa, kwa sababu na mimi nina mama aliyebeba ndoo. Lakini mota iliyoungua miezi michache baada ya utepe kukatwa haichelewi wiki moja. Inashushwa, inapakiwa kwenye lori, inapelekwa mjini kusukwa upya, na fedha za kuisuka zinatafutwa kwanza. Wanakamati wanapita nyumba kwa nyumba kuchangisha watu walioahidiwa kwamba shida ya maji imekwisha. Wapo wanaotoa. Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini watoe tena. Na tangu siku hiyo wengine huacha kulipia maji hata mota inaporudi, na jumuiya ya watumia maji inayotegemea malipo hayo inabaki bila fedha ya grisi.

Wala sidhani kwamba ninaomba kitu kigeni. Viongozi wa mbio za Mwenge wa Uhuru wamewahi kukataa kuzindua miradi waliyoikuta na kasoro, hadharani, umati ukiwa umeshajaa, na wananchi wakawaheshimu zaidi kwa hilo. Kasoro walizoziona ni zile zinazoonekana: zege lililopasuka, nyaraka zisizokamilika, tangi linalovuja. Ninachoomba ni kwamba shafti iliyopinda mstari na chumba kisicho na hewa navyo vihesabiwe kuwa kasoro, na kwa kuwa havionekani kwa macho, pawe na karatasi ya kuvionyesha.

Kama wataalamu wako watapenda, niko tayari kuandaa rasimu ya cheti hicho, ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mwendesha pampu na mhandisi wote wataielewa, na kuileta mimi mwenyewe mahali popote nitakapoelekezwa. Niko tayari pia kuwaonyesha, kwenye kituo chochote watakachochagua wao, mota baridi na mota moto, bomba lililokaa na bomba lililovutwa, ili wajionee mshale ukisogea. Sihitaji posho kwa hilo. Nitahitaji nyumba ya pampu, umeme, maji, tangi tupu mlimani, na siku mbili zisizo na wageni.

 Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mitambo wa pampu,
Mbeya.